Je, Wajua? Sauti na Picha za Burundi Zilizonikaa Moyoni Mwaka 2024

Je, wajua kwamba albamu iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza mwaka 1981 ilijengwa juu ya mapigo ya ngoma za Burundi? Inaitwa Kings of the Wild Frontier, ya kundi la Adam and the Ants. Wanamuziki wake walikuwa vijana wa London, mwimbaji kajipaka mstari mweupe puani, na nyuma yake wapiga dramu wawili badala ya mmoja ili mshindo ujae. Mrundi hayumo hata mmoja.

Kila mwaka unapokwisha huwa naandika orodha ya nyimbo na filamu zilizonikaa moyoni, naisambaza kwa jamaa na majirani hapa Kigobe, Bujumbura. Mwaka 2024 ulikuwa wa kukaa nyumbani sana. Foleni za petroli zilirefuka hata jioni watu wengi hawakutoka, nami nikazama kwenye spika na kompyuta. Nilipoipitia orodha mwezi Desemba nikaona jambo moja linajirudia: karibu kila nilichokipenda kilikuwa na Burundi ndani yake, na mara nyingi jina la Burundi limefichwa, au limetajwa huku picha zenyewe zimepigwa nchi nyingine. Kwa hiyo safari hii sitoi alama wala sipangi nani wa kwanza. Natoa habari zilizo nyuma ya kila kazi, kwa sababu ndizo zilizonifanya nirudie kusikiliza na kutazama.

Kanda ya 1967

Chanzo cha mshindo ule wa London ni kanda iliyorekodiwa Burundi mwaka 1967. Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walizunguka vijijini na vinasa sauti kwa ajili ya lebo ya Ocora, ambayo leo iko chini ya Radio France. Ufalme ulikuwa umeondolewa miezi michache tu kabla. Tarehe 28 Novemba 1966, mwami (mfalme) Ntare V akiwa ziarani Kinshasa, Michel Micombero alitwaa madaraka na kutangaza jamhuri. Ngoma zilizokuwa alama ya kiti cha mwami zikabaki bila mwami. Wapigaji 25 wakazipiga mbele ya maikrofoni ya wageni, na mwaka 1968 sauti yao ikatoka kwenye santuri.

Kilichofuata ni safari ndefu. Mwanamuziki wa pop wa Ufaransa aliyejiita Mike Steiphenson alichukua kipande cha ngoma zile, akabandika gitaa na kinanda juu yake, akakiita Burundi Black. Mwaka 1971 kikaingia kwenye chati za Uingereza. Jina lililoandikwa ni Burundi Steiphenson Black: nchi ilitajwa, Mfaransa akatajwa, wapigaji 25 hawakutajwa.

Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Canada akazitumia ngoma hizohizo katika wimbo The Jungle Line, kwenye albamu The Hissing of Summer Lawns. Aliziacha zirudi na kurudi chini ya sauti yake na kinanda cha Moog, akiimba habari za mchoraji Henri Rousseau. Wimbo huo huhesabiwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za kibiashara kujengwa kwa kipande cha sauti kilichokatwa kwenye rekodi nyingine, mtindo ambao miaka baadaye wasanii wa hip hop waliufanya uti wa mgongo wa kazi yao. Huu niliusikiliza mara nyingi mno mwaka 2024. Ninachokipenda ni kwamba Mitchell hakuzipamba ngoma wala kuzipunguza kasi. Alizipisha zitangulie, naye akaja nyuma.

Halafu akaja meneja Malcolm McLaren, yuleyule wa Sex Pistols, akamsikilizisha Adam Ant ile Burundi Black. Muda si mrefu McLaren akawachukua wanamuziki wa Adam na kuwaundia kundi jipya, Bow Wow Wow, ambalo nalo lilipiga kwa mtindo uleule. Adam akatafuta wenzake wapya, akaweka wapiga dramu wawili, akatoa albamu niliyoianza nayo. Mwaka 1981 hata Burundi Black yenyewe ilitolewa upya ili iwahi soko. Yaani kwa muda makundi mawili ya London yalikuwa yakishindana kwa mapigo ya kijiji cha Burundi.

Wenyewe walifika mwaka 1982. Mwezi Julai wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani Shepton Mallet, kusini magharibi mwa Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD lililoanzishwa na Peter Gabriel pamoja na wenzake. Walipiga pia pamoja na kundi la Echo & the Bunnymen. Tamasha lile liliacha deni zito hata likakaribia kufa, na ndipo kundi la zamani la Gabriel, Genesis, likaungana naye tena mwezi Oktoba kwa onyesho moja la kulipa madeni. Miaka kumi baadaye, 1992, lebo yake ya Real World ikatoa rekodi ya wapiga ngoma hao wakiwa jukwaani, na safari hii jina lililo kwenye jalada ni lao: The Drummers of Burundi.

Ngoma yenyewe, kwa karibu

Wengi wameziona kwenye simu. Aliyesimama mita tano mbele yake atakuambia kwamba video haifikishi hata nusu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti ile huingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Wapigaji huingia uwanjani wamebeba ngoma kichwani, na huku wakitembea mikono inaendelea kupiga. Wakifika huzitua kwa nusu duara. Katikati hukaa inkiranya, ngoma inayoongoza. Zile zinazoitwa amashakwe hushika mdundo usiokatika, na zile zinazoitwa ibishikizo humfuata kiongozi anapobadilisha. Idadi yake haigawanyiki kwa mbili, na aghalabu huzidi kumi. Kisha mmoja baada ya mwingine huachana na ngoma yake, hucheza mbele ya inkiranya, huruka juu na mirisho (vijiti vya kupigia) yake mkononi, na kumwachia mwenzake nafasi.

Mti wake ndio usemao kila kitu: umuvugangoma, yaani mti unaotamkisha ngoma. Gogo huchimbwa, ngozi ya ng'ombe huwambwa ikingali mbichi na kushikizwa kwa vigingi vya mti. Huko Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, ngoma takatifu mbili za enzi ya mwami Mwezi Gisabo, Ruciteme na Murimirwa, bado zina heshima yake.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwezi Oktoba 2017 amri ya rais ikakataza wanawake kuzipiga na kutaka maonyesho yapate kibali cha wizara ya utamaduni. Nasema wazi kwamba katazo la wanawake linaniuma. Nchi yetu ina wasichana wenye mikono ya kupiga, na nimewaona wengine wakiangalia inkiranya kwa jicho la mtu anayejua hasa wapi pigo linalofuata litaangukia.

Je, wajua kwamba Burundi ina waimbaji wanaonong'ona?

Kama ningelazimishwa kutaja kitu kimoja tu nilichokipenda kuliko vyote mwaka 2024, ningetaja hiki. Kwenye santuri ileile ya Ocora iliyozaa kelele zote za London, kuna nyimbo zinazoimbwa kwa mnong'ono pamoja na inanga. Ni sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye rekodi. Mara ya kwanza nilidhani spika imeharibika, nikaongeza sauti, na hapo nikamsikia mzee akizungumza karibu kabisa na sikio langu.

Inanga ni ubao uliochongwa na kuchimbwa kidogo katikati, kama sinia refu la mti, na juu yake umepitishwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi kutoka ncha hii hadi ile mpaka zinapatikana nyuzi kadhaa. Mpigaji hukaa chini, huiegemeza, na hupiga kwa vidole vya mikono yote miwili. Nyuzi zina mngurumo mzito unaodumu hewani. Juu ya mngurumo huo mwimbaji hutoa maneno kwa pumzi tupu, bila kutetemesha koo.

Sasa hebu fikiria. Mnong'ono hauwezi kupanda wala kushuka kama wimbo. Ukinong'ona huna juu wala chini. Lakini ukisikiliza inanga ya mnong'ono utaapa kwamba mzee anaimba, na kwamba sauti yake inapanda na kushuka ipasavyo. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliliandikia jambo hili makala ndefu mwaka 2002. Kirundi ni lugha ya toni: neno lina kupanda na kushuka kwake, na mpigaji huzifanya nyuzi zifuate mwendo huo wa maneno. Pumzi inatoa konsonanti na irabu, nyuzi zinatoa toni, na kichwa cha msikilizaji kinaviunga viwili hivyo kuwa sauti moja ya mtu anayeimba. Sehemu ya wimbo inatengenezwa ndani ya anayesikiliza. Nimejaribu kuusikiliza uzi peke yake na mnong'ono peke yake, na sikio langu linakataa kuvitenganisha.

Katika rekodi hizohizo kuna akazehe, salamu za wanawake zinazoimbwa. Wanawake wawili wakikutana, mmoja huanza na mwenzake hupenyeza sauti katikati, wanapokezana kwa kasi, mmoja akipanda mwingine anashuka, hata huwezi kujua nani ameanza. Ndani yake kuna kuulizana habari za nyumba, watoto, ng'ombe, safari. Leo salamu zetu Bujumbura ni honi na ujumbe wa simu, na akazehe inabaki kwa bibi wachache wa milimani. Watafiti wa nje wameisikiliza kwa makini kuliko sisi. Hilo linaweza kubadilika, kwani bibi hao wapo na wajukuu wana simu zenye vinasa sauti.

Anayetaka kusikia ala za zamani zikiwa na maisha mapya amtafute Steven Sogo. Huyu hupiga gitaa la besi, ikembe (kalimba) na umuduri, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, na alikuwa mmoja wa wanamuziki wa The Nile Project, waliokusanyika Aswan, Misri, mwaka 2013 kutoka nchi za bonde la Nile. Burundi ilikuwa na haki ya kiti pale: chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote iko Rutovu, Bururi, na mvumbuzi Mjerumani Burkhart Waldecker aliijengea piramidi ndogo miaka ya 1930. Kwenye albamu ya Aswan, umuduri wa milima yetu unakaa karibu na ala za Misri na Ethiopia, na wala hauonekani mgeni.

Waliotuimbia kwa Kiswahili

Je, wajua kwamba msanii wa kike wa Burundi aliyejulikana zaidi Ulaya alijulikana kwa nyimbo za Kiswahili? Khadja Nin, aliyezaliwa mwaka 1959, alipitia Zaire kisha Ubelgiji, na miaka ya 1990 aliimba Kiswahili kwenye televisheni za Ufaransa bila kujali kama watazamaji wanaelewa. Albamu yake Sambolera ni ya mwaka 1996. Redio za mitaa ya Buyenzi na Bwiza, hapa Bujumbura, hazijaichoka mpaka leo, na mtu wa Rumonge, Kigoma au Mombasa anaifuata bila mkalimani. Mumewe ni Jacky Ickx, dereva Mbelgiji aliyeshinda mbio za saa 24 za Le Mans mara sita.

La ajabu zaidi kwangu ni hili: mwaka 2018 Khadja Nin alikaa kwenye jopo la majaji wa tamasha la filamu la Cannes. Rais wa jopo alikuwa Cate Blanchett, na miongoni mwa wenzake walikuwamo Ava DuVernay, Kristen Stewart na Denis Villeneuve. Mrundi mwimbaji wa Kiswahili alikuwa kati ya watu tisa walioamua filamu bora ya tamasha mwaka ule, wakaipa Palme d'Or filamu Shoplifters ya Mjapani Hirokazu Kore-eda. Mwaka uleule, katika kitengo kingine cha Cannes, ilionyeshwa Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha hilo.

Kidum naye, jina lake kamili Jean-Pierre Nimbona, alikuwa mpiga dramu mtoto Bujumbura kabla ya kukimbilia Nairobi mwaka 1995 vita vilipopamba moto. Huko alijenga jina kwa nyimbo za Kiswahili, mojawapo Nitafanya aliyoimba na Lady Jaydee wa Tanzania, na nyingine Haturudi Nyuma aliyoimba na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Ukimwona jukwaani, mtazame anapokwenda kukaa kwenye dramu zake na kuimba hukuhuku anapiga. Pale ndipo mtoto wa Bujumbura anapojitokeza.

Tena yupo mwimbaji wetu Jean-Christophe Matata, aliyetupa wimbo Amaso Akunda; alifariki Afrika Kusini mwezi Januari 2011. Harusi ya Burundi bila Matata bado haijaisha vizuri.

Filamu: nchi inayochezewa kwingine

Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi ni Gito l'ingrat, ya mwaka 1992, iliyoongozwa na Léonce Ngabo, ambaye pia ni mwanamuziki. Niliitazama tena mwaka 2024 na ilinichekesha vilevile. Gito amesoma Paris, anarudi nyumbani akiamini kiti cha uwaziri kinamsubiri, na hakuna anayemsubiri. Ana mpenzi Mfaransa na mpenzi wa nyumbani, kila mmoja hajui habari za mwenzake, mpaka wanawake hao wawili wanajuana na kuungana kumtia adabu. Wasomi wetu wote waliowahi kushuka uwanja wa ndege na suti nzito katikati ya joto la Bujumbura wamo ndani ya Gito.

Mwaka mmoja baada ya filamu hiyo, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani kwa zaidi ya miaka kumi. Sinema iliyokuwa imeanza kutembea ikakaa chini. Ngabo mwenyewe hakuachia: mwaka 2009 alianzisha FESTICAB, tamasha la kimataifa la filamu la Burundi, na kizazi kizima cha vijana wa Bujumbura kimepata mahali pa kuonyeshea kazi zake.

Kwa sababu ya historia hiyo, Burundi unayoiona kwenye filamu kubwa mara nyingi si Burundi. Petit Pays ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Éric Barbier kutokana na riwaya ya Gaël Faye, inasimulia utoto wa mvulana wa Bujumbura, mtaa wa Kinanira, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilipigwa picha Rwanda, ziwa Kivu likachukua nafasi ya Tanganyika. Mtu aliyekulia hapa huliona jambo hilo haraka. Kivu limezungukwa na vilima vinavyoshuka hadi majini. Tanganyika, ukiwa upande wetu, lina ufuko mpana na nyuma yake, ng'ambo, milima ya Uvira inasimama kama ukuta wa bluu. Hata hivyo filamu imenigusa, hasa Isabelle Kabano, mwigizaji Mnyarwanda anayecheza mama. Anaporudi kutoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari hasemi mengi, na hapo ndipo uigizaji wake unapokuwa mzito. Faye mwenyewe alizaliwa Bujumbura mwaka 1982 na kuondoka mwaka 1995. Riwaya yake ilipata Goncourt ya wanafunzi mwaka 2016, na mwaka 2024 riwaya yake ya pili, Jacaranda, ikapata tuzo ya Renaudot.

Neptune Frost ni kisa kingine. Waongozaji wake ni mshairi Mmarekani Saul Williams na Anisia Uzeyman wa Rwanda, na hadithi iko Burundi, kwenye kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Mchimbaji wa koltani ambaye nduguye ameuawa mgodini, na mtu mwenye jinsi mbili aliyekimbia kwao, wanakutana na vijana wanaovamia mitandao ya dunia nzima. Wanaimba Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Hali ya kisiasa ilizuia kuipiga hapa, ikapigwa Rwanda mapema mwaka 2020, na mchimbaji anachezwa na Mrundi Bertrand Ninteretse, mshairi na mwanamuziki anayejulikana kama Kaya Free. Ngoma zetu zinasikika mgodini tangu mwanzo. Hapo nilisimamisha filamu, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena: mapigo yaleyale yaliyompa Adam Ant umaarufu, safari hii yanapigwa na Warundi walio uhamishoni, katika hadithi inayouliza nani anafaidika na madini yaliyo ndani ya simu. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cannes, katika kitengo cha waongozaji, Julai 2021. Mwaka 2024 niliitazama kuliko filamu nyingine yoyote, na kila mara naona jambo jipya kwenye mavazi yake ya nyaya na vibonyezo.

Primeval haimo kwenye orodha yangu ya mapenzi, ila habari yake ni lazima. Ni filamu ya Hollywood ya mwaka 2007 inayomhusu Gustave, mamba wa mto Ruzizi na ziwa Tanganyika. Ilipigwa Afrika Kusini. Matangazo yake Marekani yalizungumzia muuaji mkubwa asiyekamatika bila kutaja kwamba muuaji huyo ni mamba, na watu wengi waliingia ukumbini wakidhani wanakwenda kumwona binadamu. Gustave wa kweli alipewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka. Jaribio la Faye na wenzake la kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma lilirekodiwa katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2004, na mamba hakuingia. Ile ya hali halisi ndiyo ya kutazama.

Kuna pia Na Wewe, filamu fupi ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt, ya mwaka 2010. Basi dogo linasimamishwa na waasi njiani Burundi mwaka 1994, abiria wanaamriwa wajitenge Wahutu huku na Watutsi huku, na kila mmoja ana maelezo yanayoharibu hesabu ya waasi. Dakika zisizofika ishirini zilitosha kuifikisha kwenye orodha ya walioteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011.

Tatu za Afrika kwingine

Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez ilitoka mwaka 2024, na kwa mtu anayependa muziki na filamu sawasawa, ni karamu. Inasimulia kuuawa kwa Patrice Lumumba, kiongozi wa Kongo, kwa kutumia jazi. Louis Armstrong alipelekwa Kongo mwaka 1960 na serikali ya Marekani ilhali watu wa serikali hiyohiyo wanapanga kumwondoa Lumumba. Mwezi Februari 1961 mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga dramu Max Roach walikuwa kati ya waandamanaji walioingia kwa nguvu katika kikao cha Baraza la Usalama mjini New York kulalamikia kifo chake. Grimonprez anakata kutoka kwenye dramu za Roach kwenda kwenye meza ya Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, na kurudi, na mdundo haukatiki.

Niliitazama huku namkumbuka kiongozi wetu Louis Rwagasore. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Rwagasore, aliyekishindisha chama chake cha UPRONA kwenye uchaguzi wa Septemba mwaka uleule, alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba akiwa mkahawani kando ya ziwa, hapa hapa mjini. Mkoloni ni yuleyule Mbelgiji, karibu miezi tisa kati ya kifo na kifo. Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, juu ya mji. Lumumba amepata filamu yenye Armstrong, Nina Simone na rumba ya Grand Kallé. Rwagasore bado anasubiri filamu ya namna hiyo, na muziki wake upo tayari kwenye kanda za 1967.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ni ya mwaka 2021 lakini mimi niliipata mwaka 2024. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto, ikapata pia Tanit ya Dhahabu huko Carthage. Unguja ya miaka ya 1950 imepigwa kwa mwanga wa taa na kuta za chokaa, na Kiswahili chake kinasemwa polepole, kama kinavyosemwa na watu wasio na haraka. Majirani zangu wa Kigobe walionizunguka kuitazama hawakuhitaji maandishi ya chini.

Ya tatu ni Dahomey ya Mati Diop, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwezi Februari 2024. Inafuata vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa na Wafaransa vikirudishwa Benin mwaka 2021, na mojawapo, sanamu ya mfalme Ghezo, inazungumza kwa lugha ya Kifon ikiwa ndani ya sanduku lake gizani. Baadaye wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana kwa ukali: mbona 26 tu, na maelfu yaliyobaki?

Mabishano hayo niliyahamishia kwenye kanda zetu. Rekodi za Ocora bado zinauzwa, na zinasikika kwenye mitandao ya muziki. Waliopiga wakiwa na miaka 20 mwaka 1967 walifikisha 77 mwaka 2024, na huenda wengine wako hai milimani. Mtu mwenye babu au bibi wa umri huo, amkalishe chini, amfungulie ngoma zile kisha inanga ile ya mnong'ono, na amwulize anamtambua nani. Majina yakipatikana yaandikwe, jina la baba na jina la kilima, na yaletwe Bujumbura. Wapo vijana wa FESTICAB wenye kamera.